Hedifoni za Masikio Mawili

Mwenye duka alinipangia hedifoni za aina tatu juu ya meza ya kioo. Za rahisi aliziweka upande wangu, za ghali upande wake, nikajua papo hapo kwamba hanioni kama mtu wa kununua za ghali. Hakukosea sana. Nilikuwa nimejifunga leso ya safari, nimebeba robota la vitambaa vya kuuza, na uso wangu tangu ujana ni uso wa mtu anayesubiri kupunguziwa bei. Hata hivyo nilizishika zote, moja baada ya nyingine, nikazigeuza-geuza kama mtu anayezijua.

Duka lenyewe lilikuwa Mahajanga, si mbali na Mangarivotra, mtaa nilikozaliwa. Mji ule siuwezi kwa muda mrefu. Nilipita tu, nikielekea kisiwa cha Nosy Be kumwona baba. Daktari wa Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, alikuwa amempima na kumwambia kwamba sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linalifuata taratibu. Baba alikuwa na kanda moja ya kaseti yenye sauti ya mama yake, yaani bibi yangu, ambaye sisi tulimwita koko kama wanavyoita Wangazija. Nilitaka amsikie vizuri walau mara moja kabla sikio la kushoto halijaziba. Sikuwa na haja nyingine dukani mle, ila sikujua haja hiyo inagharimu kiasi gani.

Hedifoni za kwanza zilikuwa bei ya kuku. Za kati, bei ya gunia la mchele. Za tatu, alipotaja, nilicheka, nikadhani ananitania.

"Ni za nani?" akauliza.

"Za mzee wangu."

"Anasikiliza muziki?"

"Anamsikiliza mama yake."

Akanivika zile za ghali yeye mwenyewe, akafungulia wimbo wa salegy. Sikuwa nimewahi kuvaa kitu kama kile. Mji wote ulizimika. Honi, wauza mkate, gari la kokoteni lililokuwa likilia mlangoni, vyote vilitoweka, ukabaki wimbo peke yake katikati ya kichwa changu. Nilishtuka mtu aliponigusa bega. Alikuwa mchukuzi mwenye kasha mgongoni, ameniomba njia mara kadhaa nami sijasikia neno. Mwenye duka akatabasamu kwa kujisifia. "Umeona? Mtu akivaa hizi, hata nyumba yake ikiungua hajui."

Nikamwambia aniwekee, nitarudi. Nilienda kukaa kwenye kibaraza cha jamaa za mama, nikapewa chai, nikaanza kugombana na nafsi yangu. Mtu mzima aliyebakiwa na nusu ya sikio anunuliwe kitu cha bei ile? Na nikinunua za bei ya kuku, nimsikilizishe nini?

Ninaandika Kiswahili kwa sababu nilikipata Mombasa, nilikoolewa. Nyumbani kwetu tulisema Kimalagasi cha pwani, na Kingazija kilikuwa cha koko na baba, wakiongea wao wawili. Maneno yao humu nimeyahamisha, na najua mengine yamevunjika njiani.

Miaka ile ya sabini, watu wa Komoro waliposakwa Mahajanga, mama na kaka yangu, nami nikiwa bado mtoto wa mgongoni, hatukuwepo mjini. Tulikuwa Boanamary, kwa mama mdogo aliyekuwa amejifungua. Nyumbani walibaki baba na koko. Yaliyowapata sikuyaona, na baba hakuwahi kuyasimulia. Ninachojua nimekiokota kwa mama, kipande leo, kipande baada ya mwaka: kwamba mlango ulibishwa mchana, tena kwa adabu, na aliyebisha alikuwa mtu wa mtaa wetu. Nyumba ikaungua. Baba na koko wakaishia kambi ya wanajeshi pamoja na wenzao wengi, wakingoja ndege ya kuwapeleka Ngazidja, kisiwa ambacho koko alikiacha akiwa msichana na baba hakuwahi kukikanyaga. Siku ya safari baba alimsindikiza mama yake mpaka kwenye foleni, akamkabidhi kwa jirani, kisha akatoka kwenye foleni akaja kututafuta. Alifika Boanamary amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama alisema hakusalimia. Aliuliza tu kama mlango una komeo.

Tulihamia Nosy Be, kwenye kijiji cha Marodoka, kwa watu wa mama. Baba alikuwa fundi cherehani. Dirisha la chumba lilikuwa nyuma, mlango mbele, na fundi yeyote mwenye akili angekaa akitazama dirisha apate mwanga. Yeye aliiweka cherehani ikitazama mlango. Miaka yote ile alishona kwenye kivuli cha mwili wake mwenyewe, mama akimwambia atapofuka, naye akijibu kwamba uzi anauona.

Koko hakujua kuandika, kwa hiyo alituma sauti. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuja na vitambaa kutoka Moroni, na ndani ya vitambaa ndimo kaseti ilimofungwa. Ya kwanza ilipofika, kaka yangu hakungoja mtu. Aliitia kwenye redio kaseti, akabonyeza, na sauti ya koko ikaijaza nyumba kwa Kingazija. Mimi sikuwepo, lakini nasikia koko hakumaliza hata salamu. Baba aliruka kutoka kwenye cherehani, akaizima, akaenda kusimama mlangoni akitazama njia kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu.

"Hapa Nosy Be hakuna anayetutafuta," mama alimwambia.

"Na kule nani alikuwa akitutafuta? Tulikuwa tunaombana chumvi."

Ikawa amri: lugha ile haitoki nje ya ukuta. Na kuta zetu zilikuwa za makuti na mabati ya kuokoteza, hazikuzuia hata kikohozi. Basi siku moja baba alitupeleka mjini Hell-Ville, kwenye duka la Mhindi, kutafuta kitu cha kusikilizia. Ilikuwa miaka ya shida. Mchele wa foleni, sabuni ya kugawana, mafuta ukiyapata unamshukuru Mungu. Lakini baba alikuwa ameshona nguo za harusi ya watu wenye uwezo, na mfuko wake siku ile haukuwa mtupu.

Mhindi alikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa kidude cheusi cha kuchomeka sikio moja, na waya mwembamba. Cha pili kilikuwa hedifoni kubwa za kufunika masikio yote mawili, zimetoka Réunion, na alizifuta vumbi kwa kiganja kabla ya kumpa. Baba alizivaa. Alizivua mara ile ile, kama aliyeshika sufuria ya moto, akazirudisha juu ya meza, akalipia kile kidude cheusi.

"Sikio moja linatosha," alisema.

Mama hakulisahau jambo lile. Kwa kawaida ni yeye aliyechekwa kwa matumizi, maana baba kila ukimwonyesha ulichonunua, hata kiberiti, alikuwa na jibu moja: umeibiwa. Sasa alipata la kumjibu. Kwa miaka mingi, wakigombana kidogo, mama alisema, "Ana mama mmoja duniani, akamnunulia sikio moja." Baba aliinamia cherehani yake. Sisi sote tuliamini ni ubahili, na mimi niliurithi kwa furaha.

Tulisikiliza kwa umri, kama adabu inavyotaka. Baba kwanza, kisha mama, kisha kaka, mimi mwisho. Kwa Wangazija mtoto humwamkia mkubwa kwa kusema "kwezi", na mkubwa huitika "mbona". Koko hakukubali kaseti imvunjie heshima yake. Alimwita kila mmoja kwa zamu yake: mwanangu, mke wa mwanangu, mjukuu wangu wa kwanza, mjukuu wangu wa mwisho. Akishamwita mtu alinyamaza, akamwachia nafasi ya kuamkia, kisha akaitika, "Mbona," kama aliyesikia. Nasi tuliamkia kweli, kila mtu kwa zamu yake, kidude sikioni, tukimwambia "kwezi" mtu aliyekuwa ng'ambo ya maji. Ukichelewa, koko ameshaitika.

Mimi sikuwahi kuchelewa, na sababu yake ni betri. Betri zilikuwa shida kama mchele. Tulizianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, na zikifika kwangu zilikuwa zimeshawasikilizisha watu watatu. Sauti ya koko ilinifikia nzito, ya kujikokota, karibu sauti ya mwanamume. Alivuta kila neno. Nafasi yangu ya kuamkia ilikuwa ndefu, niliweza kusema "kwezi" na kumeza mate, na bado akawa hajaitika.

Siku moja nililia. Nilisema koko anaumwa, koko anakufa. Wote walicheka, hata baba, naye hakuwa mtu wa kucheka. "Ni betri hizo," alisema, akazitoa na kuzianika tena. Tangu hapo ikawa mzaha wa nyumbani. Mtu akiamka na uvivu, akiburuta miguu, tulimwambia ni betri.

Kaseti ilikuwa inarudi Ngazidja na majibu yetu juu yake, maana mpya hazikupatikana. Ile ya kwanza tu ndiyo baba aliyoikatalia, akaihifadhi kwenye bati la biskuti. Ya pili ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka safari moja ikafika na baba akachomeka kidude, akasikiliza, akakunja uso.

"Betri," alisema.

Tulikuwa na betri mpya siku ile. Kaka yangu alikuwa amezinunua asubuhi, hazijatumika. Akamwambia baba. Baba akasema basi ameuziwa mbovu, ameibiwa, akavaa viatu akaenda mwenyewe hadi Hell-Ville, akarudi na nyingine. Alizitia, akasikiliza tena. Mimi niliketi karibu nikimtazama, na zamu yangu ilipofika, kwa mara ya kwanza nilimsikia koko kama walivyomsikia wao. Sauti ilikuwa ile ile niliyoizoea. Nilifurahi, nikasema, "Hajambo, ndiye koko wangu huyu." Hakuna aliyecheka.

Tulijibu, kaseti ikaondoka na yule mama wa vitambaa. Alirudi nayo miezi kadhaa baadaye, imefungwa vile vile, majibu yetu ndani yake hayajasikiwa na mtu. Baba alisoma hitima na watu wachache, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Kile kidude cheusi alikizungushia waya wake, akakiweka kwenye bati la biskuti pamoja na kaseti ya kwanza, na hatukukiona tena.

Mama naye alikufa, nikiwa Mombasa. Kaka yangu akahamia Ufaransa. Baba akabaki na cherehani yake inayotazama mlango.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyakoroga na sukari kwenye ile chai ya Mahajanga. Nilifikiri: mimi siikumbuki sauti ya kweli ya koko, nimesikia betri tu, kisha nikasikia ugonjwa. Na baba ameisikia kwa kidude cha sikio moja, kinachokwaruza. Nikakumbuka jinsi mji ulivyozimika nilipovaa zile hedifoni. Nikajiambia, mzee huyu hajawahi kukaa na mama yake peke yao tangu siku ya foleni. Nitamnunulia chumba cha kukaa na mama yake. Nilirudi dukani, nikabishana bei mpaka mwenye duka akachoka, nikalipa pesa ambazo mpaka leo sipendi kuzitaja. Usiku ule niliibandua karatasi ya duka kwenye boksi, kwa sababu ilikuwa na jina la Mahajanga, na sikutaka baba aliguse.

Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, hashoni. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia mara mbili kabla hajageuka, na aligeuka kwa sababu aliona kivuli changu mlangoni. Tulikula. Baada ya swala ya alasiri nilitoa redio kaseti niliyomletea zamani kutoka Mombasa, ikiwa bado nzima, nikatia betri mpya, nikamwomba bati la biskuti. Kaseti ya kwanza ilikuwa mle. Nilikuwa na hofu kwamba utepe utakatika, lakini ulizunguka.

Nilimvika hedifoni kwa mikono yangu, masikio yote mawili. Alivumilia kidogo tu, chini ya pumzi moja. Kisha mikono yake ikapanda haraka, akausogeza upande wa kushoto nyuma ya sikio, ukabaki wa kulia peke yake. Ule wa sikio lililokufa.

Nilidhani amekosea. "Baba," nikamwambia kwa sauti kubwa, "sikio linalosikia ni hili jingine."

"Najua sikio langu."

"Sasa utasikia nini?"

"Hili nalihitaji," akasema, akigusa la kushoto, na kidevu chake kikaelekea mlangoni.

Ndipo nilipoelewa duka la Mhindi, na sufuria ya moto, na maneno ya mama ya miaka yote. Nilijisikia mnyonge kuliko nilivyowahi kujisikia. Nilivuta kigoda, nikakiweka kizingitini, nikakaa. "Mlango nitausikiliza mimi," nikamwambia. "Wewe msikilize mama yako. Niko hapa, sitoki."

Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyejitolea kubeba mzigo wa mtu mzima.

"Wewe ulikuwa Boanamary," akasema. "Hujui wanavyobisha."

Niliondoka kizingitini, nikaenda kukaa ubavuni kwake, nikaushika ule upande wa hedifoni uliobaki bure nyuma ya sikio lake, nikaugeuza, nikaubana kwenye sikio langu. Vichwa vyetu vilikaribiana. Alinuka mafuta ya cherehani. Nikabonyeza.

Koko alikuwa na sauti nyembamba. Alikuwa na haraka, na kicheko kidogo mwishoni mwa maneno, sauti ya mwanamke anayeongea huku akifanya kazi nyingine. Jogoo aliwika nyuma yake, akamfukuza. Sikuwa namjua mtu huyu. Alisema bismillahi, akatoa salamu, kisha akamwita mwanawe, akanyamaza.

"Kwezi," baba akasema, macho mlangoni.

"Mbona," koko akaitika.

Sikio lake lilikuwa limekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nimebana sauti yote. Hakusikia chochote. Alijua tu, kwa kukariri, mahali pa kuamkia palipo.

Koko akamwita mke wa mwanawe. Pakawa kimya chumbani, na koko akauitika ukimya ule. Akamwita mjukuu wa kwanza, na akaitika tena. Kisha akasema, mjukuu wangu wa mwisho. Nilivuta pumzi niseme. Nilikuwa nimezoea ile nafasi ndefu ya betri zilizochoka, na kwa sauti yake ya kweli nafasi yenyewe ilikuwa fupi kabisa. Neno lilikuwa bado kinywani mwangu.

"Mbona," koko akasema, akaendelea na habari nyingine.

Kaseti ilipokwisha baba alizivua hedifoni, akazishika mapajani, akaipapasa ile ngozi laini iliyozifunika kwa kidole cha fundi.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Vizuri sana. Umenunua bei gani?"

Nilimtajia bei ya kuku.

"Umeibiwa," akasema, akageuka tena kutazama mlango.